Kanda za Tetemeko

Kazini tulimwita Tetemeko, na kwa muda mrefu nilidhani jina hilo lilitokana na mwili wake. Alikuwa mwanamke mnene, na akipita karibu na rafu katika chumba chetu cha kufulia, chupa za sabuni ziligongana zenyewe. Kazi yetu ilikuwa kufua nguo za hospitali: mashuka, mapazia, gauni za wagonjwa, taulo za wodi ya wazazi. Mimi na yeye tulikunja mashuka pamoja, yeye ameshika pembe mbili, mimi mbili.

Siku moja simu yake ililia tukiwa tumelinyoosha shuka hewani. Akaibana kwa bega.

"Ndiyo, ni mimi… Nani kakupa namba yangu?… Hapana, kaka yangu. Hayo mambo nilishayazika. Asante." Akakata.

"Nani huyo umemzika?" nikamuuliza.

"Mtu mmoja ana kikampuni cha santuri. Eti anataka kuzitoa upya kazi zangu za zamani."

"Kazi zipi? Za kufua?"

Akacheka mpaka akaachia pembe ya shuka. Halafu akanihadithia, na mimi niliyedhani namjua kama kiganja changu nikabaki mdomo wazi.

Usichanani mwake Tetemeko alikuwa mtunzi wa muziki wa dramu na besi. Kama hujawahi kuusikia, dramu zake zinakimbia kama mtoto anayeshuka ngazi akiitwa chakula, na chini yake kuna besi nzito, ya polepole, ambayo tumbo huisikia kabla ya sikio. Ndivyo wengi walivyoupiga. Yeye aliupinda. Alikuwa ameshaanza kazi hapahapa, akawa anakuja na kinasa sauti mfukoni: akanasa ile mashine ya mwisho ambayo pipa lake limelegea, akanasa pasi ya mvuke inavyohema, na kigari cha mashuka chenye gurudumu bovu. Nyumbani, kwenye kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshachoshwa na wengine, alizikatakata sauti hizo vipande vidogo kama kitunguu, akavipanga upya hadi ikawa hakuna pigo linalojirudia. Kuta zilitikisika. Majirani ndio waliompa jina.

"Sasa mbona uliacha?"

"Nilialikwa ukumbini kupiga. Watu walikuja kucheza, wamevaa wakavalika. Wimbo wa kwanza, wakajaribu. Wa pili, wakasimama kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Wa tatu una sehemu ambapo kila kitu kinanyamaza. Nilipofika hapo, mtu mmoja akapaza sauti, 'Jamani, mashine imeharibika, mwiteni fundi!' Ukumbi mzima ukacheka. Halafu wakatoka, wawiliwawili. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa." Akalikunja shuka peke yake. "Kompyuta nikaigawa. Yameisha."

Hayakuwa yameisha. Yule bwana wa santuri, ambaye tulikuja kumwita Mkusanyaji, alipiga tena kesho yake, kwa adabu ileile. Alikuwa na wimbo mmoja tu wa Tetemeko, alioupata ndani ya kanda ya mchanganyiko, na alisema ameusikiliza miaka yote akijiuliza mwenzake huyu alipotelea wapi. Akamwuliza kama kuna nakala za nyingine.

"Labda dada yangu," Tetemeko aliniambia baadaye. "Wakati ule nilikuwa nakaa kwake. Aliwahi kuniomba kanda, akasema kuna rafiki yake anazipenda. Nilishangaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa haishi kuniambia nipunguze kelele."

Mimi nina redio kaseti ya marehemu baba, bado inaimba vizuri. Basi Jumamosi nikaibeba, tukaenda.

Dada mtu ni mwalimu wa hesabu, mwembamba, ana sauti ya kunyamazisha uwanja wa shule. "Karibuni, karibuni. Wewe umenenepa tena," alimwambia mdogo wake. "Mgeni, kaa hapo, hicho kiti kingine kina mguu wa uongo." Alipoambiwa tumefuata nini, hakuuliza swali. Aliingia chumbani, tukasikia droo inavutwa, akatoka na foronya ndogo iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kanda zimelala juu ya kofia mbili za mtoto mchanga.

Tetemeko akaichukua moja, akaigeuzageuza. Maandishi yalikuwa yamefutika. Nyingine ilikuwa imeungwa kwa selotepu.

"Rafiki yako alizipiga mpaka zikawa hivi?"

"Rafiki gani?"

"Si ulisema rafiki yako anazipenda?"

"Zilikuwa za mtoto," dada akasema, kama anayetaja jibu la jumlisha.

"Mtoto yupi?"

"Mtoto nina mmoja. Huyu anayeleta chai."

Binti yake alikuwa anatoka jikoni na sinia, mwanamke mzima sasa, anafundisha watu kuendesha magari. Akasimama. "Nimefanya nini tena?"

Dada akakaa, akaeleza. Binti alipozaliwa, alilia. Si kilio cha njaa wala cha nepi. Kilikuwa kilio tu, basi. Hospitali walisema ni tumbo, litapita. Halikupita. Baba yake alikuwa kazini mbali, na Tetemeko mchana yuko zamu. Jioni moja Tetemeko alikuwa chumbani kwake na hedifoni masikioni, waya ukachomoka bila yeye kujua, zile dramu zikalipuka nyumba nzima.

"Nilikuja nimekasirika, mtoto begani, nikutukane vizuri. Nafika mlangoni, naona begani kimya. Nikasema, amezimia! Kumtazama, macho wazi, anasikiliza kama hakimu. Mara akalala. Wewe ukarudisha waya, akaamka akilia. Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu, mara moja si uthibitisho. Kesho yake nikajaribu bembelezi za mama, nikajaribu redio, nikajaribu kuimba mwenyewe."

"Hapo ndipo nilipolia zaidi," binti akasema.

"Nyamaza. Ndipo nikamwomba mama yako mdogo kanda. Akishatoka asubuhi kwenda zamu, naiweka. Mtoto analala, na mimi nalala pembeni yake sakafuni. Bila hizo kanda, ningerukwa na akili, nawaambia ukweli."

Tetemeko alikuwa bado ameishika ile kanda. "Mbona hukuniambia, dada?"

"Nilidhani unajua! Si ulinirekodia nyingine mwenyewe za kwanza zilipochakaa?"

"Ulisema ni rafiki yako!"

"Ndiye huyu. Wakati ule nilikuwa na rafiki gani mwingine?"

Mimi nikajishughulisha na kuchomeka redio.

Tulizisikiliza. Tetemeko alikaa ukingoni mwa kochi, mkono mdomoni, kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mwanzoni alikuwa anajisahihisha: "Hapo besi imezidi… Hapo nilikuwa najionyesha tu." Halafu akaacha kusema. Mimi si mjuzi wa muziki, lakini niliitambua mashine yetu ya mwisho, ile tunayoitukana kila siku, ikikimbia mbele ya besi kama imefunguliwa kamba. Sikuwahi kujua kwamba tunafanya kazi ndani ya kitu kizuri namna ile.

Wimbo wa tatu ukafika pale penye kimya. Tetemeko akanyoosha mkono kwenye redio ili aparuke.

"Mama mdogo, acha," binti akasema.

Kimya. Gurudumu bovu likalia mara moja, mbali. Kimya tena, kirefu, kiasi kwamba mtu angeapa kanda imekatika. Binti alikuwa anatazama dirishani, vidole juu ya sinia. Vikashuka, *ta!*, na dramu zikarudi palepale viliposhukia.

"Umejuaje?" Tetemeko akauliza.

"Sijui. Hata wimbo wenyewe siukumbuki. Mkono umejua."

Tetemeko akalia bila kujificha, machozi yakishuka kwenye tabasamu. "Asante," akamwambia dada yake.

"Asante ya nini tena? Mimi ndiye wa kushukuru, na nimechelewa. Kunywa chai, inapoa."

Mkusanyaji alipokuja kuzichukua kanda alimwuliza kama kuna makosa angependa kuyarekebisha kabla santuri haijatengenezwa. Tetemeko aliwaza kidogo. "Yapo mengi," akasema. "Lakini aliyezitunga ni msichana mwingine, na hayupo. Siwezi kumsahihisha nyuma ya mgongo wake. Safisha vumbi tu." Kwenye jalada, sehemu ya shukrani, alimtaja dada, mtoto aliyesikiliza, na majirani wote waliogonga ukuta, kwa sababu, alisema, wengine waligonga kwa kufuata mapigo.

Santuri ilitoka bila kelele nyingi. Haikubadilisha maisha ya mtu. Jumatatu tulikuwa kazini kama kawaida. Lakini watu wasiomjua waliandika kumshukuru, na yeye aliwajibu wote, mmoja mmoja, wakati wa mapumziko, akinisomea majibu kabla ya kuyatuma. Msimamizi wetu, tulipompigia ule wimbo wa kwanza, aliinamia spika kwa wasiwasi akauliza kama fundi wa mashine ameshaitwa. Safari hii Tetemeko ndiye aliyecheka kuliko wote.

Na katika duka la santuri la Mkusanyaji walifanya kikao cha kusikiliza, mchana wa Jumapili. Viti vya kukunja, watu wachache, wengine vijana, wengine wenye mvi. Dada mtu alikaa mstari wa mbele, mgongo wima, pochi mapajani, kama anayesimamia mtihani. Tetemeko alisimama nyuma karibu nami. Alikuwa ameushika mkono wangu mpaka unaniuma. Wimbo wa kwanza ukapita, vichwa vinatikisika. Ukafika wa tatu, na ule ukimya. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyecheka. Watu walishika pumzi, na katikati ya kimya hicho tukasikia kitu ambacho hakikuwa kwenye kanda: mkoromo mdogo, wa adabu, kutoka mstari wa mbele.

Dada alikuwa amelala, kichwa kimeangukia begani kwa binti yake. Mkusanyaji akapiga hatua amguse.

"Mwache," Tetemeko akamnong'oneza. "Huyo ana usingizi wa miaka anaudai."