Mnyororo Upande wa Kushoto

"Kila mnachokiona kwangu nimekilalia mwenyewe barabarani! Sina picha ya kitu ambacho mgongo wangu haukijui!"

Hayo Fundi Chali aliyasema kwenye maonyesho ya mafundi wadogo, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu wapatao mia mbili. Hakuna aliyemuuliza. Mtangazaji alikuwa amemwomba ataje jina na namba ya kibanda, basi. Lakini ukimpa kipaza sauti mtu anayeshinda akiongea na jiliwa la kubania vyuma, usitegemee akutajie namba.

Jina la Chali alipewa kwa sababu ya baiskeli zake, ambazo hazipandwi, zinalaliwa. Mwendeshaji anaegemea kiti kirefu, miguu imetangulia, pedali ziko mbele ya gurudumu la mbele, na dunia anaitazama akiwa kwenye kimo cha viuno vya watu. Anayeiona mara ya kwanza hudhani ni mgonjwa aliyemtoroka nesi. Na hospitali kweli ndiko mambo yalikoanzia. Kwa miaka kumi na tisa Chali alikuwa fundi wa vitanda na viti vya magurudumu vya hospitali, akiinama chini ya wagonjwa wa watu mpaka mgongo wake ukagoma. Daktari akamwambia kupanda baiskeli ndiyo basi tena. Chali akaenda nyumbani, akachukua mgongo wa kitanda kibovu kilichokwisha kufutwa kwenye orodha, akautia magurudumu, akarudi kwa daktari akiwa amejilaza.

"Sijapanda," alimwambia.

Tangu siku hiyo imepita miaka kumi na moja na baiskeli sitini na nne. Kila moja, kabla ya kumfikia mteja, Chali huilalia mwenyewe kutoka karakana hadi mzunguko wa barabara kuu na kurudi. Hata ile aliyotengenezewa mwanamke mfupi kuliko wote aliilalia, magoti yakimgonga kidevu njia nzima.

Tovuti ya zamani alitengenezewa na mtu wa duka la kompyuta. Ilikuwa na saa inayozunguka na maneno yanayokimbia, na ilichelewa kufunguka kiasi kwamba mteja alipata muda wa kufikiri vizuri na kughairi. Binti yake, kitinda mimba, hupanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji: kalenda, vitabu vya stakabadhi, kadi za harusi za watu asiowajua. Ile tovuti ilikuwa inamuuma macho. Akachukua Jumamosi sita akaijenga upya. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, akaweka maneno ya baba yake ya kwenye maonyesho. Chini yake picha moja ya baiskeli, safi, imejaa skrini. Mwishoni akaweka kisanduku: "Tuambie unaionaje tovuti yetu mpya."

Watu wakawaambia.

Sasa, Chali ana utaratibu wake. Juu ya meza ya kazi amefunga waya kutoka ukuta hadi ukuta, sawa na macho yake. Lalamiko lolote la mteja linaandikwa kwenye karatasi na kuning'inizwa hapo kwa kibanio cha nguo, na haliteremki mpaka ugonjwa upone. Likiteremka, analitia sahihi na kulizika kwenye kopo la biskuti. Kwa miaka kumi na moja waya ule haukuwahi kubeba zaidi ya karatasi tatu. Kwa hiyo binti alipomletea maoni yaliyochapwa, maana Chali hasomi kitu cha maana kwenye simu kwa kuwa simu haina pambizo la kuandikia, aliyaning'iniza yote. Arobaini na moja.

Jirani yake, fundi wa mageti, akachungulia mlangoni.

"Jirani, leo umefua?"

"Ni maoni."

"Maoni au mashtaka?"

Chali aliendelea kusoma. Alikuwa amefika karatasi ya tano. Ya kwanza ilisema: Hongera, lakini mnyororo mbona uko kushoto? Ya pili: Fundi, mnyororo! Ya tatu ilikuwa ya mtu aliyejitambulisha kuwa ameendesha baiskeli miaka thelathini na hajawahi kuona maajabu hayo. Ya nne ilikuwa alama saba za kuuliza. Ya tano ilinakili yale maneno makubwa ya juu, neno kwa neno, kisha ikauliza: Hii nayo umeilalia, au umeiota?

Akatoa miwani, akaomba simu ya binti, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mama, hii baiskeli ni ya nani?"

"Yako, baba."

"Si yangu. Sijawahi kuilalia."

Binti akaelewa kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Karibu baiskeli zote duniani, za kupanda na za kulala, zina mnyororo kulia. Picha ya asili ilipigwa kutoka kulia, baiskeli imeelekea kulia. Lakini maandishi kwenye ukurasa yalikaa kushoto, kwa hiyo baiskeli ilionekana kama inayakimbia. Binti, ambaye kazini hugeuza picha za maharusi kila siku ili watazamane, akaigeuza kama wanavyogeuzwa maharusi. Ikaelekea maandishi. Ikapendeza. Mnyororo ukahamia kushoto, na yeye hakuuona, maana alikuwa anaangalia ukurasa.

"Dakika mbili tu, baba. Nairudisha, imekwisha."

"Rudisha."

Akairudisha palepale. Chali akateremsha karatasi thelathini na sita za mnyororo, moja moja, akizitia sahihi kama waziri. Nyingine nne zilikuwa za pongezi, nazo hazina ugonjwa, akaziteremsha pia. Ikabaki moja. Hii ilikuwa na kurasa mbili, na mwandishi wake alikuwa ameweka namba kwenye aya.

"Moja. Herufi zako ni ndogo, tena rangi ya majivu juu ya majivu. Mwanafunzi akiniletea kazi ya namna hiyo namrudishia. Mbili. Ukurasa wa bei haufunguki kwenye simu yangu. Hayo ndiyo maoni. Tatu. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mguu wangu wa kulia umevaa vyuma tangu nikiwa na miaka minne, na vyuma hivyo vina vifungo vitatu upande wa ndani. Kila baiskeli niliyojaribu, ya kupanda au ya kulala, mnyororo uko kulia na umenila vifungo. Mara mbili umeniangusha. Nimetafuta wa kushoto kwa miaka sita. Kwako nimeuona, na juu yake umeandika kwamba baiskeli hiyo umeilalia. Naagiza moja. Nikikaa sakafuni mgongo ukutani, toka ukutani hadi kisigino ni sentimita tisini na nane."

Chali akaisoma mara mbili. Kisha akaisoma kwa sauti, kwa kuwa jirani alikuwa bado mlangoni na asingeondoka bila kusomewa.

"Nitamjibu mimi, baba," binti akasema. "Kwa adabu. Nitamwambia picha iligeuka, tunasikitika."

"Iligeuka yenyewe?"

"Niligeuza mimi."

"Na maneno ya juu?"

"Ya juu ni yako."

Fundi wa mageti, ambaye kimya humwasha kama upupu, akaingilia. "Mwandikie kwamba mgongo wako ulitapeliwa."

"Maneno yale niliyasema mbele ya watu mia mbili."

"Themanini, jirani. Nilikuwepo. Na nusu walifuata kivuli cha hema."

"Hata mmoja angetosha," Chali akasema, akairudisha karatasi kwenye kibanio. Kisha akamgeukia binti. "Mjibu hivi: agizo limepokelewa. Siku ya kuja atajulishwa."

Kusema ni kazi ya mdomo. Shida ni kwamba hakuna duka linalouza vifaa vya mnyororo wa kushoto, na ukisema uhamishe tu vya kulia upande wa pili, meno ya gurudumu la nyuma yanajifungua yenyewe kila unapokanyaga, kama kifuniko cha chupa. Chali alilijua hilo tangu zamani. Siku tatu alikaa mbele ya waya, tupa mkononi, hapigi chochote. Siku ya nne akapanda darini akashuka na mfupa wa baiskeli ya watu wawili aliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu na kuisahau. Baiskeli ya namna hiyo, kwa faida ya ambaye hajaiona, ina meno ya ziada upande wa kushoto, ya kumuunganisha wa mbele na wa nyuma ili mmoja asipate kutega. Akayang'oa. Mpango ukawa huu: mnyororo wa kwanza ushuke kushoto, kutoka pedali hadi chini ya kiti. Hapo kuna shafti fupi inayovuka kwenda kulia, nyuma kabisa ya mguu, na mnyororo wa pili unaendelea hadi gurudumu la nyuma kama kawaida. Mguu wa mwalimu ubaki peke yake na vyuma vyake.

Baiskeli ya kwanza ilitema mnyororo kwenye mzunguko wa barabara kuu, Chali akiwa amelala katikati ya malori mawili. Fundi wa mageti akaenda kumvuta kwa mkokoteni wake.

"Vipi, umeilalia?"

"Nimeilalia."

"Basi mpe mteja. Ulisema kulala, hukusema kufika."

Ya pili ilifika mzunguko ikarudi, lakini shafti ilikuwa imejipinda kama kijiko. Chali akaifungua yote akaanza upya. Jumamosi binti alikuja, akamshikia fremu wakati wa kuchomelea, uso ameugeuzia ukutani kukwepa mwanga.

"Baba, unanikasirikia?"

"Nakaza nati."

"Nauliza kweli."

"Na mimi nakaza kweli. Shika hapo, usitikise."

Alishika. Baada ya muda akasema, "Herufi nimeshazikoleza. Nimezikuza pia." Chali akachukua kalamu, akaenda kwenye waya, akapiga mstari juu ya namba moja ya mwalimu. Kisha akarudi kwenye nati zake, na jioni binti, anayemjua, akaondoka ameridhika.

Ya tatu ilikwenda na kurudi mara nne. Mara ya nne, fundi wa mageti aliendesha baiskeli yake ya kawaida pembeni, ili ashuhudie kuanguka. Hakukuwa na la kushuhudia. Binti akapiga picha kutoka kushoto, baiskeli imeelekea kushoto, mnyororo uko kushoto. Akaiweka kwenye ukurasa bila kuigusa. Ilikaa pale pale ilipokaa ile ya uongo, ikatazama maandishi vilevile.

Siku ya thelathini na nne tangu karatasi ipande kwenye waya, mwalimu akaja. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, na alishuka kwenye teksi na fimbo mkono mmoja na rula ya mbao mkono wa pili. Hakutaka maji, hakutaka kiti.

"Shikamoo, mwalimu," fundi wa mageti akasema, ingawa kwa umri walikuwa sawa. Rula ndiyo aliyoiamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, mimi ni shahidi."

Chali akamsaidia kujilaza. Mwalimu akaweka mguu wenye vyuma kwenye pedali, akauzungusha taratibu, akainama akapima kutoka kifungo cha juu hadi chuma kilicho karibu zaidi.

"Sentimita kumi na moja," akasema. Akapima tena. "Na nusu."

"Inatosha?"

"Kwenye baiskeli zilizonila zilikuwa mbili."

Akatoka. Chali, binti na shahidi wakasimama mlangoni wakimtazama akipita mbele ya duka la madirisha, akakata kona, akapotea. Hata jirani alisahau mzaha wake, jambo ambalo binti alilikumbuka zaidi ya mengine yote ya siku hiyo. Kona ile haionyeshi kitu. Ilipita pikipiki, likapita gari la maji. Chali alishika kibanio cha nguo mfukoni, akikifungua na kukifunga.

Kisha miguu ikatokea kwanza, kama ilivyo kwa baiskeli hizo, halafu mwalimu mwenyewe. Alisimama mbele yao akainama kuhesabu kwa kidole.

"Vyote vitatu vipo."

Chali akaitikia kwa kichwa.

"Fundi, nikuulize. Nilipoona ile picha, baiskeli ulikuwa umeshaitengeneza?"

Binti akatazama chini. Chali angeweza kusema ndiyo. Jirani alimkazia macho, akingoja.

"Bado, mwalimu. Picha iligeuzwa kwa bahati mbaya. Lakini sasa nimeilalia, mara nne."

"Mara nne," mwalimu akarudia, kama anayekagua jibu. "Basi makosa yamesahihishwa. Na ile namba mbili yangu? Ukurasa wa bei bado haufunguki."

Binti alikuwa ameshaufanyia hesabu ukurasa ule. Kwa siku alizozihesabu, majaribio mawili yaliyoharibika na mfupa wa darini, baiskeli ya kushoto ilipaswa kuuzwa karibu mara mbili ya ya kulia, na alikuwa amemwambia baba yake hivyo asubuhi. Baba yake alikuwa amesema tu, "Nani aligeuza picha?" na kurudi kwenye jiliwa.

Akakaa kwenye ngazi ya karakana na kompyuta mapajani. Ilimchukua robo saa. Mwalimu akafungua ukurasa kwenye simu yake, ukafunguka, akausoma kwa sauti. Chali akateremsha karatasi ya mwisho kwenye waya, akaitia sahihi.

Mnyororo kulia: laki nane na elfu sabini. Mnyororo kushoto: laki nane na elfu sabini.