Mafuta ya Cherehani Kwenye Breki za Papa Mwamba

Jamani, hili ninalowasimulia linanitia aibu mpaka leo, na kama si ninyi wenyewe kunisakama nalo kila tukikaa, ningelifukia lisionekane tena. Mimi mtu wa Tanga, fundi cherehani, miaka kumi na moja niko hapa Doornfontein, Johannesburg, nashona, nguo ya mtu haijawahi kuniharibikia mkononi (haya, mara mbili tatu), lakini pikipiki ya watu nusura niigeuze jeneza.

Pikipiki yenyewe ni ya jirani yangu wa ghorofa ya chini, Papa Mwamba, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi wa ofisi moja kule Randburg, mtu mpole asiyejua kumnyima mtu kitu. Alikuwa likizo, nami nina mjomba anaumwa Durban, akanipa ufunguo hata sijamaliza kuomba. Nikakaa huko siku nne, pikipiki nimeiegesha nje, bahari iko ng'ambo ya barabara tu, na ule upepo wa baridi wa Julai unarusha maji ya chumvi mpaka madirishani. Niliporudi Joburg ndipo nikaona ekzosi imepiga weupe kama imemwagiwa unga, na kwenye nati kutu imeanza, tena ile nyekundu isiyojificha.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeshuka ngazi nikamwambia, "Papa, chumvi imekuharibia pikipiki, tufanyeje?" habari ingeishia pale. Lakini nikaona haya, nikajisemea nitaisafisha mwenyewe, nimrudishie inang'aa, asijue kitu.

Jumapili asubuhi nikaiosha uani kwa maji baridi na sabuni, nikapitisha mswaki wa zamani kila kona, nikasuuza mara tatu, nikaikausha kwa vipande vya bitana, na mpaka hapo nilikuwa sawasawa kabisa. Ila kwetu sisi mafundi cherehani kazi haijaisha mpaka chuma kipakwe mafuta, hivyo ndivyo nilivyofundishwa Tanga, ambako ukilala bila kuipaka mashine asubuhi unaikuta imeota kutu, kwa hiyo kila kinachong'aa unapitisha kitambaa. Nikachukua kichupa changu cha mafuta ya cherehani, nikapaka nati, nikapaka mnyororo, na vilivyong'aa kuliko vyote vilikuwa zile sahani mbili za chuma, moja gurudumu la mbele, moja la nyuma, nikazipaka kwa mapenzi, upande huu na upande ule, mpaka nikaiona pua yangu. Sikujua kuwa breki zinabana hapo hapo.

Papa Mwamba alikuwa kanisani, kwenye ukumbi ulio chini kabisa ya mtaa wetu, mteremko mtupu. Ningeweza kumsubiri nyumbani. Lakini nilitaka niingie nayo watu wakiwa wanatoka ibadani, wote waone ilivyorudi (sifa hizi!). Taa ya roboti pale njia panda ikawa ya kijani, nikapita bila kugusa breki, nikaliona geti la kanisa liko wazi, nikabana. Pikipiki ikazidi kwenda. Nikabana ya mbele na ya nyuma kwa nguvu zangu zote, nikasoma kila dua ninayoijua, pikipiki ikazidi kwenda, nikaingia getini nikipiga kelele "Pisheni! Pisheni jamani!" akina mama wa kwaya wakatawanyika na sare nyeupe nilizowashonea mwenyewe, nami nikaishia kwenye meza ya chakula, sufuria la kisamvu chao, sombe, likapaa, na sare nyeupe zikawa kijani.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mama mmoja wa kwaya akajifuta uso, akasema, "Eish, fundi, kama unataka kuokoka si uingie polepole?" Watu wakaangua kicheko, hata mchungaji, nami nimekaa chini na sombe masikioni nikacheka nao, nikidhani yamekwisha.

Papa Mwamba hakucheka. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye sahani ya gurudumu la mbele, akakinusa.

"Fundi, huku ulipaka nini?"

"Mafuta ya mashine, Papa. Ilipigwa chumvi kule Durban, kutu ikaanza. Sikutaka ujue."

"Juu ya nini hukuniambia?" Alisema taratibu, mkono juu ya pikipiki, hakupandisha sauti. "Kesho saa kumi na moja asubuhi mi niko barabara kubwa na hii moto, na mama ya batoto iko nyuma yangu."

Mkewe alikuwa amesimama pale pale, anaokota sahani za chakula. Kicheko kikanikauka. Ile ya sombe ilikuwa aibu ya kuchekwa tu, lakini hii iliniingia mwilini.

Niliipeleka kwa fundi wa pikipiki, akasafisha, akabadilisha pedi za breki, na sare zote nikazifua kwa mikono yangu. Na nimeapa, kitu cha mtu kikiniharibikia mkononi, mwenyewe atajua kabla jua halijazama.

Papa Mwamba hajanisema vibaya hata siku moja. Tunasalimiana, anacheka nami. Ila zamani alikuwa akiwasha tu na kwenda. Siku hizi, kila alfajiri, namsikia kutoka dirishani kwangu: anasukuma pikipiki hatua mbili, anabana breki, anasukuma tena, anabana tena, ndipo anamwambia mkewe apande.