Uso Uliogeuzwa kwa Ajili ya Fulana

Kompyuta nazijua, tena najisifu nazo, lakini siku ile nilijiona kama sijawahi kushika hata kikokotoo.

Mama mdogo alishuka kutoka milimani na mkungu wake wa ndizi, akaketi kwenye kochi langu hapa Morogoro, akasema, "Mwanangu, nionyeshe dada yangu."

Siku tuliyomzika mama, mvua ilikuwa imekata barabara ya huko juu. Mdogo wake wa pekee hakumuona. Simu iliyokuwa na picha iliibwa, na fulana za msiba zimefuliwa mpaka uso umefutika. Kilichobaki ni faili moja ndani ya flashi, lile la fundi aliyechapa zile fulana, nalo halifunguki popote ila kwenye programu yake, na duka alishafunga.

Na laptop yangu nayo, jamani! Imeharibika, ikiwaka inaleta skrini nyeusi ya maandishi tu: unaandika amri, inajibu. Nikajiambia, basi nitalivunja faili liwe nukta nyeusi na nyeupe, skrini izipange. Rahisi kusema.

Ndani nilikuta picha nne: ya bluu, ya pinki, ya njano na ya rangi nyeusi, kila wino na yake. Sasa mama ni ipi? Nikachukua ile nyeusi, nikaifanya nukta. Akatokea mtu mwenye nyusi nyeupe na meno meusi.

"Astaghfirullah!" Mama mdogo aliruka. "Nini hiki?"

Hata mimi sikujua. Nilimaliza kikombe kizima cha chai ndipo nikang'amua: kwa mchapaji, sifuri ni mahali pasipo na wino, kwa skrini yangu, sifuri ni giza. Nikazibadili nukta zote.

Sasa alikuwa mama. Kitambaa chake kichwani, shavu lake. Nikageuka kwa majivuno, nikamkuta mama mdogo amekunja uso.

"Huyu si dada."

"Ni yeye, mama mdogo!"

"Alianguka mtoni amenibeba mgongoni, akapasuka juu ya jicho la kushoto. Mbona kovu liko kulia?"

"Kulia kwako au kwake?"

Hapo nikavurugikiwa kabisa. Picha ikikutazama, kushoto kwake si ndiyo kulia kwangu? Nikasimama, nikakaa, nikajishika macho yote mawili. Nilikasirika, sifichi, nusura nimwambie macho yake yamezeeka. Akaniinua kidevu, akaweka kidole juu ya jicho langu la kushoto.

"Hapa."

Nikatazama skrini. Kweli, lilikuwa jicho jingine. Ndipo nikakumbuka: fundi wa fulana huchapa picha kinyume, maana karatasi yake hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa, ikapigwa pasi. Nilikuwa namtazama mama kutokea upande wa ndani wa fulana, na mimi mwanawe wa kumzaa sikuona kosa. Niliona aibu.

Nikaandika amri moja. Uso ukageuka.

Mama mdogo akaiweka kanga yake vizuri, akapiga magoti mbele ya meza. "Shikamoo, dada."

Akasubiri aitikiwe. Skrini ilikuwa inapepesa tu kile kimstari chake cha kungojea amri. Sijui nilipatwa na nini, mimi mtoto mbele ya mama yangu mdogo, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Marahaba."