Papa Kalala na Mazishi ya Sipho

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Ilikuwa mchana kweupe, tukifanya mazoezi kwenye karakana ya fundi cherehani, mtaa wa Doornfontein, na mimi ndiye niliyekuwa mwimbaji. Kiongozi wa bendi yetu ya jazi alikuwa Papa Kalala wa Lubumbashi, mpiga dramu aliyezigusa zile dramu kwa upole kama anayembembeleza mtoto. Tarumbeta ilikuwa ya Sipho, kijana wa Soweto, mwenyeji pekee kati yetu wageni.

Likaja kundi la watu wenye marungu, wakipiga kelele kwamba wageni watoke. Sipho akasimama mlangoni, akawasihi kwa Kizulu. Wakamwita msaliti. Walimpiga mpaka akanyamaza, kisha wakaingia. Papa aliinua mkono ajikinge, rungu likamvunja kifundo. Walipoondoka tulimpakia Sipho garini, akakata roho hatujafika hospitali.

Siku ya mazishi, Juma, mpiga besi, Mtanga mwenzangu, akasema, "Soweto siendi. Waliomuua ni watu wake. Tukajipeleke wenyewe?"

Papa, mkono umefungwa plasta, alimgeukia.

"Batu yake ni sisi," akasema. "Alikufa sababu ya sisi. Mimi niko naenda, hata peke yangu."

Tukaenda, Juma naye. Tulipoingia uani majirani walitugeukia, nami nikajibanza nyuma ya Papa. Mama yake Sipho akamfuata Papa, akaushika ule mkono mbovu, akalia.

Mkono wa Papa haukupona sawasawa. Hakupiga dramu tena. Miaka yote iliyobaki aliiongoza bendi akiwa amesimama kando, akihesabu mapigo kwa mdomo, mwingine ameketi penye kiti chake. Nilimwona akigeuza uso asitazame. Alifia mtaa wa Observatory, kwenye chumba cha kupanga, bila ndugu wa damu. Mazishini kwake, aliyekaa penye nafasi ya mfiwa ni mama Sipho.

Wewe umezaliwa hapa, mwanangu. Kiswahili unakisikia ila unanijibu kwa Kizulu, na bado wapo wanaokuita mgeni. Usiwaachie wenye chuki wakuchagulie wa kumpenda wala wa kumlilia. Mtu akisimama kwa ajili yako, nawe simama naye, hata akiwa maiti, hata ukiwa unatetemeka.

Mungu akulinde katika mji huu. Akujalie marafiki wa kweli, na akuepushe na kuwazika mapema.