Fundi Aliyekalia Mikono Yake

Fundi cherehani anayeogopa vifungo utamwona wapi? Basi alikuwapo, tena fundi hodari. Miaka thelathini na minne aliketi nyuma ya cherehani ile ile, karibu na dirisha la chumba cha mbele, na vifungo alivyoshona vingejaza pipa. Lakini ungefungua sanduku la nguo za mjukuu wake usingekuta hata kimoja. Sketi zote za lastiki. Blauzi zote za kuingiza kichwa, zenye shingo pana kama mdomo wa ndoo. Majirani walidhani ni mtindo mpya, na mmoja akaagiza wa kwake.

Mjukuu huyo, msichana wa miaka saba, nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mikono ndiyo iliyokuwa haimsikilizi. Kijiko kilifika mdomoni kimeshamwaga nusu njiani, penseli ilimponyoka, na ukimpa kifungo akifunge, kilimtoroka vidoleni mpaka akalia. Siku bibi alipomwona analia kwa ajili ya kifungo, alichukua mkasi akakikata. Kisha akaona asiishie hapo, akavikata vyote.

"Mke mwenzangu hatalizwa na vitu ninavyoshona mwenyewe," akasema.

Kwa miaka mitatu akamvisha, akamvua, akamlisha. Mama yake Kasuku, aliyefanya kazi mbali na kurudi kila mwisho wa mwezi, alimkuta mtoto safi, mnono, anacheka, akashukuru. Nani asingeshukuru?

Mwalimu mkuu ndiye aliyewaamsha, siku bibi alipompeleka Kasuku kuandikishwa darasa la kwanza. Alimtazama Kasuku, akamsikiliza akihesabu mpaka mia bila kupumua, akacheka. Halafu akamwuliza kama anaweza kwenda msalani peke yake, avue na kuvaa. Kwa mara ya kwanza Kasuku akamtazama bibi yake badala ya kujibu.

"Mama, darasa la kwanza lina watoto arobaini na mwalimu mmoja," mwalimu mkuu akasema. "Mlete siku ya kufungua shule, miezi minne kutoka sasa. Akivaa sare mwenyewe mbele yangu, anaingia. Asipoweza, itabidi abaki tena na wadogo wa chekechea."

Tayari alikuwa amebaki nao mwaka mmoja. Magoti yake hayakuingia tena chini ya meza zao.

Ndipo walipoelekezwa hospitalini, kwenye chumba cha mwisho kabisa cha korido, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Bibi alitarajia sindano na dawa za maji. Akakuta mkeka, viti vifupi, beseni la unga na kopo kubwa la vibanio vya nguo. Mtaalamu mwenyewe alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yake, amekunja mikono ya shati, magoti yana unga. Bibi akambandika jina papo hapo: Mama Vibanio. Kimoyomoyo akajiuliza kama hakukosea chumba.

Mama Vibanio alimwangalia Kasuku akicheza kwa nusu saa. Kisha akashika pindo la gauni la mtoto.

"Mama, nani ameshona hili?"

"Mimi," bibi akasema, kifua mbele.

"Mshono mzuri sana huu. Vifungo viko wapi?"

Bibi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyozidi kushuka. Alijiandaa kukaripiwa. Yule binti hakumkaripia. Alichota unga kidogo, akaweka kidole cha Kasuku juu yake ili abonyeze.

"Ulimwondolea kilio, Mama. Hata mimi kwa wangu ningefanya hivyo. Ila vidole vyake havijapata kazi, na vinapata nguvu kwa kazi. Dawa yetu humu ndani ni mambo ya kila siku tu: kuvaa, kula, kunawa. Tunayakata vipande vidogo, anajifunza kimoja kimoja. Sasa rudisha vifungo. Vikubwa kwanza, kama kizibo cha chupa. Wewe kipitishe nusu, yeye akivute kitoke. Amalizie yeye, kila mara yeye. Akikizoea hicho kipande, mwachie na kile cha kabla yake."

"Na mimi?"

"Wewe kalia mikono yako."

"Unanitania, mwanangu."

"Sikutanii. Hiyo mikono yako ya fundi haina subira. Ikalie."

Basi fundi wetu akarudi nyumbani na kukalia mikono yake. Usidhani ni kazi ndogo. Asubuhi Kasuku alitundika soksi kwenye kamba kwa vibanio, na vibanio vikaruka mpaka kwa jirani. Mchana alikanda unga. Jioni aliketi kwenye kigoda, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu kama walivyoelekezwa, akapambana na blauzi ya mazoezi huku akivifokea vifungo: "Toa kichwa! Nimekuona, toa kichwa wewe!" Bibi alikaa kitini, viganja chini ya mapaja, kijasho chembamba kikimtoka. Kuna siku Kasuku alitupa blauzi ukutani. Kuna siku bibi naye alitaka kuitupa.

Wiki ya sita, kifungo kimoja kikapita chote, mwanzo hadi mwisho, kwa mkono wa Kasuku. Bibi akalia kama mtu aliyefiwa, mpaka mtoto akamwuliza amekosea nini. Kesho yake akaenda hospitalini kabla ya miadi, akamshika yule binti mikono yote miwili, asiweze kusema zaidi ya "Ahsante, mwanangu, ahsante." Alimshukuru kwa kifungo, na zaidi kwa kuwa hakumwaibisha siku ile ya kwanza. Mpaka leo akibakiwa na vifungo anavikusanya kwenye mfuko na kuupeleka kule mwisho wa korido.

Lakini sare ilikuwa na vifungo vitano, vidogo, vya kupitisha kwenye kitambaa kigumu. Zikiwa zimebaki siku chache shule ifunguliwe, Kasuku alifunga vitatu na vidole vikachoka. Bibi akaingiwa na hofu, na fundi akiingiwa na hofu hukimbilia ufundi. Akashona blauzi mpya: vifungo vitano kwa juu, vya kuonekana tu, na chini yake vile vya chuma vya kubana kwa kidole. Kazi safi. Mwalimu mkuu asingegundua hata akivaa miwani miwili.

Siku moja kabla ya shule, Kasuku akaijaribu. Akapapasa kifua.

"Bibi, matundu yako wapi?"

"Hayahitajiki, mke mwenzangu. Bana tu, pa!"

Kasuku akabana. Pa. Akakibandua, akakitazama kile chuma kilichojificha chini.

"Kwani unaona sitaweza?"

Bibi alimvua ile blauzi, akachukua wembe wa kufumulia, akang'oa vyuma vyote vitano. Alasiri nzima alitoboa na kudarizi matundu kwa mkono, moyo ukimwambia kuwa amemwangusha mtoto kwa mikono yake mwenyewe.

Asubuhi yake, ofisini kwa mwalimu mkuu, sakafu ilikuwa imepigwa deki, wakaacha viatu mlangoni. Kasuku akaketi kwenye kiti kifupi, nyayo chini. Bibi akakalia mikono. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, akapumzisha vidole kwa kuvikunja na kuvikunjua. Cha nne. Alipofika cha tano akakuta tundu limekwisha. Upande mmoja umepanda juu kuliko mwingine. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono wa huruma.

"Mwalimu, samahani," bibi akasema. "Kalia mikono."

Mwalimu mkuu, mwanamke wa kuogopwa na shule nzima, akaurudisha mkono wake. Kasuku akafungua vyote, kimoja kimoja, akaanza upya. Saa ya ukutani ilisikika. Kifungo cha tano kilipotoa kichwa, alikigonga kwa kidole kama anayekisalimia.

"Darasa lako ni lile lenye mlango wa kijani," mwalimu mkuu akasema.

Nje, kwenye ngazi, bibi akainama kuvaa viatu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kukaliwa muda mrefu, na mkanda wa kiatu ukamponyoka, mara ya kwanza, mara ya pili. Kasuku akanyoosha mkono amsaidie. Halafu akakumbuka. Akaketi ngazini karibu naye, akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja, akavikalia.

"Taratibu tu, Bibi," akasema. "Nakusubiri."