Mama Sofia wa Kwenye Kadi ya Pensheni

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Vilinibana, nikachechemea mpaka ofisi ya Meneja Utumishi wa tawi la Newala. Kampuni yetu ilikuwa ya kubangua korosho, yaani kuvunja ganda na kutoa kiini, na makao yake makuu yalikuwa Masasi. Meneja Utumishi, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, hakuniuliza hata habari za safari. Alinisukumia bunda la fomu.

"Binti, wale wanawake kwenye foleni ni wabanguaji wapya. Kila mmoja mfungulie kadi ya mfuko wa pensheni. Majina matatu, kama yalivyo kwenye hati yake. Kisha utie saini hapa chini kwamba umehakiki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

Wala sikuelewa. Kadi ile ilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Kila mwezi kampuni ilikata sehemu ya mshahara wa mtu, ikaongeza ya kwake, ikapeleka kwenye mfuko huo, ili siku akichoka apate cha kumshika mkono.

Foleni ilikwenda vizuri mpaka akafika mama mmoja wa kijiji cha Chilangala. Alikuwa mama yake Sofia, rafiki yangu wa dawati moja, na ugali wa muhogo wa nyumbani kwake nimeula mpaka basi.

"Shikamoo, Mama Sofia."

"Marahaba, mwanangu. Loo! Umekuwa karani!"

Sasa nimwulize jina? Mimi, mtoto niliyelishwa kwa mkono wake, nimkazie macho nimwambie ataje jina mbele ya watu? Huku kwetu hiyo ilikuwa sawa na kumvuta kanga. Hati yoyote hakuwa nayo. Nikaandika: Mama Sofia Chilangala. Akabonyeza dole gumba, nami nikatia saini kwamba nimehakiki. Nikajiona nina adabu kweli kweli.

Miaka ikapita. Nikahamishiwa Masasi, masjala, yaani chumba cha mafaili, nikapanda hadi karani mkuu. Kule Newala mhasibu aliita dirishani, "Mama Sofia Chilangala!" naye akaitika na kupokea mshahara wake. Hakuna aliyeshangaa, maana kila mtu alimwita hivyo.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori mpaka vijijini, hadi Mkunya, wakalipa taslimu, wakasafirisha korosho na maganda yake. Mashine zetu zikakosa cha kubangua. Kampuni ikakopa, ikashindwa, mahakama ikatangaza kwamba imefilisika. Tukaletewa Mfilisi, mtu wa kukusanya mali za kampuni iliyokufa na kuwagawia wanaoidai.

Wabanguaji walidhani pensheni nayo imekwenda na maji. Wakaja Masasi kwa mabasi, wakajaa getini, wengine wanalia. Mfilisi akatoka, akapanda ngazi.

"Akina mama, nisikilizeni. Kiinua mgongo alichowaahidi mwajiri ni deni la kampuni, mtakisubiri pamoja na wadai wengine, na huenda kisitoshe. Lakini michango ya pensheni si mali ya kampuni. Ilikatwa kwenye mishahara yenu, ikatoka hapa, iko mfukoni kwa majina yenu. Hata benki inayotudai haina mkono wa kuigusa."

Vigelegele vikapigwa. Masikini Mama Sofia naye alipiga.

Zamu yake ilipofika, Afisa wa Mfuko alitazama barua ya serikali ya kijiji: Somoe Hassani Mnali. Akatazama kadi.

"Huyu Mama Sofia Chilangala ni nani?"

"Ni mimi, baba."

"Mama, akina Mama Sofia ni wengi. Nitajuaje kama ni wewe?"

Wakataka walinganishe dole gumba. Weee! Vidole vyake vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na miaka yote ile yalikuwa yameila mistari yake yote. Afisa akamrudishia barua. Mama yule alikuwa mjane, mabega yamekwisha, jembe haliwezi tena. Pensheni ile ndiyo ilikuwa chakula chake.

Nikaenda kwa Mfilisi, nikamweleza yote. Alivua miwani.

"Njia ipo. Wewe uliyeandika uape mbele ya hakimu kwamba hukuhakiki, na umtambue. Lakini hapo utakuwa umekiri kusaini uongo. Sitaweza kukubakiza kazini."

Tulikuwa makarani watatu tuliobakizwa, nami nina watoto wawili shuleni. Sijifanyi shujaa. Siku nne nilipanga mafaili kama kawaida. Hata Mama Sofia nilimkasirikia, kwa nini hakuniambia jina lake mwenyewe! Siku ya tano nilimkuta getini, amerudi tena kutoka Newala, anakula muhogo wa kuchemsha. Hakunilaumu. Alinimegea, akasema, "Kula, mwanangu, umekonda." Nikaupokea ule muhogo. Nikaenda mahakamani.

Hakimu alisikiliza kiapo changu, akasema, "Mtaje kwa jina lake kamili."

Nikatazama sakafu, nikatamka: "Somoe Hassani Mnali." Hakimu akaandika, akagonga muhuri.

Mfuko ukarekebisha kadi, naye akala pensheni yake kila mwezi mpaka alipofariki. Mimi kazi ikaisha wiki ileile. Nikauza vitumbua Mkomaindo, karibu na hospitali, mpaka umri wa kustaafu uliponikuta. Michango yangu niliikuta salama mfukoni, haikuguswa. Kiinua mgongo cha kampuni? Mh, mpaka leo nakisikia kwa watu tu.

Ninyi mnaoanza kazi, mwajiri akianguka msikimbilie kulia. Ulizeni kwanza fedha yenu imekaa wapi, na imekaa kwa jina gani. Na wewe karani, andika jina la mtu. Mimi heshima yangu ilikaribia kumlaza njaa mama aliyenilisha, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku ile, tulipotoka mahakamani, nilipiga magoti pale pale barazani kumwomba radhi: kwa kadi ile, na kwa kumtaja jina kavukavu mbele ya watu. Akaninyanyua kwa vidole vyake vile laini, huku anacheka.

"Sasa mwanangu, siku ile uliogopa nini? Si ungeniuliza tu? Ningekutajia."