Chumvi ya Bibi Ufunguo

Fundi wa majokofu alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo hakuwa akimsemesha. Tangu mama yake azikwe, alijibu kwa kichwa basi. Baba alibembeleza, akanunua viatu, akagomba, akaambulia patupu. Mwanamume mzima akawa anaingia bafuni, anafungulia maji yamwagike kwa kelele, analia.

Aliyewapa ahueni ni mjomba wa binti, aliyekuja na dadu na mchezo wa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi: anaeleza mapango, mito na maadui. Wengine wanajitungia watu wao na kusema wanafanya nini. Ukizuka ujanja ambao hakuna aliyeutegemea, msimulizi ndiye mwamuzi. Akisema unawezekana, umewezekana. Mjomba alijitungia shujaa wa misuli, maana mwenyewe hata feni ingempeperusha. Binti akajitungia kizee mfungua makufuli, Bibi Ufunguo, mwenye sauti ya kukwaruza na mdomo usio na breki.

Na Bibi Ufunguo alikuwa anaongea. Tena sana.

Basi kila Jumapili mchana, kwenye mlango wa jokofu bovu uliolazwa juu ya makreti, baba alisimulia. Akitaka habari za mwanawe alijifanya mwenye nyumba ya wageni ya mchezoni. "Bibi, mbona leo hujagusa chakula?" Na Bibi hukwaruza, "Jino la nyuma, mjukuu wangu, linanitoa roho." Kesho yake binti hupelekwa kwa daktari wa meno, kimya kimya. Hivyo ndivyo walivyoishi, na baba alishukuru hata kwa hicho kidogo.

Sasa hadithi ilikuwa ukingoni. Lilibaki Jitu moja la mavazi ya chuma, limesimama katikati ya ziwa lililoganda. Likishindwa, mchezo umekwisha, na baba alipouliza kama wataanza mwingine, binti alitikisa kichwa kukataa. Kwa hiyo baba alikuwa amepanga pigano la kuvuta Jumapili nyingi.

"Ule mkokoteni wa chumvi tuliouteka," Bibi Ufunguo akakwaruza, "naumwaga wote juu ya barafu, nalizungushia Jitu duara. Halafu nakaa nasubiri. Uzito wake wenyewe utalimaliza."

Mjomba akacheka kwa raha. Baba akaona mwisho umefika. Ulikuwa ujanja safi, hauna pa kuukamatia, na Jitu lingezama kabla chai yao haijapoa.

"Haiwezekani," akasema. "Chumvi haiyeyushi barafu."

Mjomba akamkodolea macho. Huyu ni mtu anayekula kwa kazi ya barafu. "Shemeji, hebu fikiri tena."

"Mwamuzi ni mimi. Hii ni barafu ya... ya uchawi. Bibi ajaribu kitu kingine. Tafadhali."

Binti akaweka dadu chini. Alipofungua mdomo, ule mkwaruzo haukuwepo.

"Baba, chumvi na barafu ulinionyesha wewe. Kwenye bakuli, pale karakana."

Baba alikuwa hajaitwa hivyo tangu msiba. Moyo ulimruka kwa furaha, maskini, akadhani yamekwisha.

"Wewe kitu kikiwa kinaisha unadanganya," binti akaendelea. "Hata mama, ulisema anapata nafuu. Ukasema Jumamosi anarudi. Nikamtandikia kitanda."

Mjomba akainama, akajifanya anaokota kitu. Baba alitafuta uongo mwingine, maana alikuwa tayari kusema lolote ili asikilizwe tu, na safari hii hakupata.

"Nilijua harudi," akasema. "Daktari alishaniambia. Nilishindwa kukwambia, mwanangu."

"Najua ulijua." Binti alisogeza mbele kizibo cha soda walichokitumia kama mkokoteni. "Sasa lizamishe Jitu."

"Nikilizamisha, Bibi ndiyo basi tena?"

"Lizamishe."

Baba akalizamisha, taratibu, magoti, kifua, kofia ya chuma, mpaka maji yakatulia. Alikuwa analia mbele yao wote, na hakukuwa na bomba la kufungulia.